Shamba la mlimani halitaki hospawa, linataka upana

Kuna ushauri ambao kila anayetaka kununua trekta dogo anapewa na kwa kweli nimechoka kuusikia: chukua lenye hospawa nyingi (nguvu za injini, zinaandikwa HP) kuliko unavyodhani unahitaji, hutajuta. Basi, ushauri umeisha hapo. Hakuna anayeuliza ardhi yenyewe imelalaje, ina mawe, ina mashimo, nyasi zake zinakaa na umande mpaka saa ngapi. Kwa mwenye shamba tambarare sina ugomvi na ushauri huo, ataunguza dizeli kidogo zaidi na maisha yataendelea. Ila kwa mwenye ardhi ya vilima huo ni ushauri wa hatari, na nikisema hatari namaanisha ya kufa mtu.

Kilichonifanya niandike ni shemeji yangu. Shamba lake lote ni mteremko, pa kupumzika ni pale barabara inapoingia tu. Akanipigia akiwa dukani kwa wauza matrekta, furaha tele, ameonyeshwa mawili ya kampuni moja, moja la HP 25 na jingine la HP 35, na muuzaji amemhakikishia kwamba la 35 ndio la mlimani. Nikamwambia shemeji, kabla hujatoa hata shilingi hebu omba kile kikaratasi cha vipimo, usome uzito, usome upana toka tairi hadi tairi, usome urefu toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Akasoma la kwanza, akasoma la pili, akanyamaza. Namba zile zile! Bodi moja, yaani mwili wa trekta ukiacha injini, ekseli zile zile, tairi saizi ile ile, kilichobadilika ni injini tu. Sasa hilo la pili ni la mlimani kwa lipi? Halijaongezeka hata sentimita moja ya kusimamia, limeongezewa nguvu ya kukufikisha haraka pale ambapo litakuangusha.

Na hii sio kampuni moja, ni mtindo wa kawaida kabisa. Watengenezaji wengi wana bodi chache, kila bodi wanaitoa kwa hospawa mbili tatu tofauti. Kwa hiyo anayenunua kwa kuangalia namba iliyobandikwa kwenye boneti anaweza akadhani amepanda saizi wakati hajapanda kitu. Saizi ya trekta ni bodi. Kwenye mteremko unachonunua ni upana wa miguu yake, uzito wake na jinsi uzito huo ulivyokaa chini au juu, hospawa zinakuja baadaye sana.

Ngoja nieleze kwa nini nang'ang'ania upana namna hii, maana ndio roho ya jambo zima. Watu wanadhani trekta lina miguu minne kwa hiyo limesimama kama meza. Sio kweli. Nenda mbele ya trekta lolote dogo uchungulie chini, utaona ekseli ya mbele imeshikwa na pini moja tu katikati, inacheza juu chini ili tairi zifuate ardhi. Maana yake likianza kuinama kwa ubavu zile tairi mbili za mbele hazikuzuii kitu mpaka ekseli igonge kizuizi chake. Mpaka hapo unasimamia pembetatu: ile pini ya mbele na tairi mbili za nyuma. Na pembetatu inavyokaa, ukienda mbele inazidi kuwa nyembamba, kwa hiyo uzito wowote unaousogeza mbele unausogeza kwenye ncha. Halafu mtu huyo huyo anafunga loda, ile mikono ya mbele yenye ndoo ya kubebea, anajaza ndoo udongo, anainyanyua juu ili aone anakokwenda, anakata mteremko kwa ubavu. Amehamisha uzito mbele na juu kwa wakati mmoja, yaani mambo yote mawili mabaya kwa mpigo.

Sasa ongeza jiwe. Hapa naomba usome polepole. Tuseme trekta lako lina mita 1.2 toka katikati ya tairi moja ya nyuma hadi katikati ya nyingine, na unakata mteremko wa digrii 15 kwa ubavu, taratibu, umetulia. Tairi ya upande wa juu ikipanda jiwe la sentimita 15, ambalo kwenye nyasi ndefu hulioni, tayari umeongeza digrii 7. Wakati huo huo tairi ya chini ikiingia kwenye shimo la kina hicho hicho, mfano pale panya buku alipochimba au kisiki cha zamani kilipooza, unaongeza digrii 7 nyingine. Ulikuwa kwenye 15, sasa uko kwenye 29 na hujageuza hata usukani. Lichukue trekta la mita 1.5, jiwe lile lile na shimo lile lile, linaongeza digrii kama 6 kila upande badala ya 7, unaweza kuona ni tofauti ndogo lakini kumbuka na kusimama kwenyewe linasimama kwenye kitako kipana zaidi, kwa hiyo unafaidika mara mbili. Hospawa kumi za ziada hapo zimefanya nini? Hazijafanya chochote.

Halafu kuna hili la digrii na asilimia ambalo linaponza watu wengi. Mtu anaambiwa trekta hili linamudu mteremko wa asilimia 20, yeye anasikia digrii 20. Asilimia 20 ni digrii 11 na kitu! Na digrii 15 ni karibu asilimia 27. Pima shamba lako mwenyewe kabla hujaenda dukani, simu yako ina uwezo huo, chukua ubao mrefu ulionyooka ulaze chini, weka simu juu yake, soma. Pima pale pabaya kuliko pote, sio pale unapopapenda. Mimi msimamo wangu ni kwamba ikifika digrii 15 sikati kwa ubavu kabisa, napanda na kushuka wima, na pakizidi sana hapo ni pa kuacha miti imee.

Haya, nikubali kidogo upande wa pili. Wanaosema nunua kubwa wana chembe ya ukweli kwa sababu mara nyingi bodi kubwa ni pana na nzito, na ikitokea hivyo mtu anapata usalama bila kujua kwa nini. Na ni kweli pia kwamba kilima kinakula nguvu. Trekta la kilo 1500 pamoja na zana zake, likipanda asilimia 20 kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, linatumia kama hospawa 5 na nusu kujinyanyua tu, kabla blade haijakata jani hata moja. Ukiwa na HP 25 kwenye injini, kwenye PTO, ule mhimili unaozungusha zana, zinafika pungufu ya hapo, toa na hizo za kupanda, kilichobaki ndio cha kufyekea. Kwa hiyo ndio, injini iliyokondeana itakutesa. Lakini fanya hesabu hiyo hiyo kwa trekta la kilo 2500, linahitaji hospawa 9 kujipandisha. Uzito nao una gharama yake, na kwenye nyasi mbichi likishaanza kuteleza trekta zito halisimami kirahisi eti kwa sababu ni zito. Ndio maana sisemi nunua kubwa wala nunua dogo, nasema nunua bodi pana inayolingana na ardhi yako, kisha ndani ya bodi hiyo chagua injini inayotosha. Na kama kilima chako kiko nyanda za juu sana, injini ya dizeli isiyo na tabo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi) inapoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kila ukipanda mita 300 kutoka usawa wa bahari, hapo nitakuelewa ukichukua yenye tabo.

Kushuka ndio hakuzungumzwi kabisa, na mimi naona kushuka ndio mtihani wenyewe. Matrekta madogo mengi breki zake ziko tairi za nyuma tu. Ukishuka na ndoo imejaa mbele, uzito wote umelalia mbele, tairi za nyuma zimekuwa nyepesi kama hazipo, unakanyaga breki zinashika, tairi zinaacha kuzunguka, na trekta linaendelea kushuka. Ukiwa umeweka fowili, yaani tairi zote nne zinavuta, ekseli ya mbele imeunganishwa na ya nyuma, kwa hiyo breki ile ile inashika na zile tairi za mbele zenye uzito. Kwa hiyo fowili mlimani sio ya kupandia tu, ni breki yako, iweke kabla hujaanza kushuka na usiitoe katikati. Na ukiwa na haidrostatiki, yaani mwendo unaoendeshwa kwa mafuta ya presha badala ya gia za kawaida, usibadilishe renji (ile ya mwendo wa chini au wa juu) ukiwa kwenye mteremko, maana toka renji moja kwenda nyingine unapita nyutro, na kwenye nyutro hakuna kinachokushika. Chagua ya chini ukiwa juu kabisa, shuka nayo mpaka mwisho, hata kama inaboa.

Kupindukia nyuma nitasema kwa mstari mmoja: usivute kitu chochote kwa kukifunga juu ya ekseli ya nyuma, funga kwenye drobaa, kile chuma cha kuvutia kilicho chini nyuma, kwa sababu likianza kunyanyuka mbele huna hata sekunde mbili za kufikiri.

Fremu ya kinga, ile ya chuma inayosimama kumlinda dereva trekta likipinduka, na mkanda. Hapa sina subira na mtu. Sweden walilazimisha matrekta mapya yawe na kinga ya kupinduka tangu 1959, Marekani nao wakaweka sharti hilo kwa matrekta yanayoendeshwa na waajiriwa, yale yaliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa Oktoba 1976. Yaani ni jambo ambalo dunia imeshalijua kabla wengi wetu hatujazaliwa, na bado leo unakuta mtu amelaza fremu yake chini mwaka mzima kwa sababu inagonga matawi ya miembe. Kata tawi! Na fremu bila mkanda haikusaidii, trekta likilala linakurusha nje halafu linakulalia, pengine na fremu yenyewe ndio ikakubana. Mkanda unafungwa fremu ikiwa imesimama, fremu ikilazwa mkanda haufungwi. Ukinunua la mtumba lisilo na fremu, bei ya fremu iingize kwenye bei ya trekta, na kama haipatikani kwa modeli hiyo, liache hapo hapo, hata kama ni bei ya kutupa.

Tairi: za meno marefu za shambani ndizo zinazoshika tope na nyasi, zile pana za ujenzi zinavumilia mawe na hazikatikikatiki ila kwenye utelezi hazifiki kwa za shambani, za bustani sahau.

Na kabla hujaongeza hela kwenye injini, ongeza kwenye maji. Nasema maji kweli. Tairi za nyuma zinajazwa maji kama robo tatu, kila lita ni kilo, na kilo hizo zinakaa chini kabisa karibu na ardhi ambako ndiko unakozitaka, wala hazilalii bearingi za ekseli. Panapoganda baridi yanawekwa mchanganyiko usioganda, ila uangalie, ule wa chumvi unakula rimu. Halafu muulize fundi kama rimu za nyuma zinageuzwika, kwenye modeli nyingi ukizigeuza tairi zinatoka nje kila upande na unapata upana bila kununua trekta jingine. Mambo haya mawili, maji na kugeuza rimu, yanafanya trekta la kawaida liwe trekta jingine kabisa kwenye ubavu wa kilima, na sijawahi kumsikia muuzaji akiyataja bila kuulizwa.

Ila ukishatanua, kumbuka zana. Rotaveta, ile zana ya kusaga udongo, inatakiwa ifute alama za tairi zote mbili, ukitanua tairi ukabaki na rotaveta ya zamani utakuwa unalima huku unakanyaga ulipolima. Kwa mashine ya kufyeka watu wanakadiria hospawa 5 za PTO kwa kila futi ya upana, mlimani mimi napunguza futi moja kwenye hesabu hiyo kuliko kuilazimisha injini. Na kwenye mikono ya nyuma inayonyanyua zana uliza inanyanyua kilo ngapi na zinapimwa wapi, maana wengine wanapima pale pale kwenye ncha za mikono ambapo namba inatoka kubwa, wengine wanapima sentimita 61 nyuma zaidi, ambako ndiko zana yako inakokaa kweli.

Shemeji hakununua siku ile. Amerudi na futi ya kupimia, sasa anaulizia bodi ya saizi inayofuata kwenda juu yenye injini ya chini kabisa inayotolewa kwenye bodi hiyo, na muuzaji anamwambia hiyo hawaiweki dukani kwa sababu haiulizwi, mpaka aagize. Nimemwambia aagize.