Paa la Matete Niedersachsen, Paa la Makuti Tanga

Tangu nihamie Niedersachsen, kaskazini mwa Ujerumani, hakuna majengo yaliyonifanya nizifikirie nyumba za kwetu mkoani Tanga kuliko nyumba za kale za wakulima zilizoezekwa kwa matete. Ndugu wengi tulio nao huku huzipiga picha na kuzituma nyumbani, wakiongeza kwamba wenzetu wanathamini cha kwao ilhali sisi tunakimbilia bati. Kauli hiyo ina ukweli wake, lakini inaruka jambo kubwa: Wajerumani nao walizikimbia nyumba hizi, na zile zinazoonekana leo zimesimama kwa nguvu ya ufundi, sheria na fedha.

Nianze na jengo lenyewe, kwa kuwa wengi wetu tunalitazama paa tu. Nyumba ya aina hii, iliyoenea tangu Zama za Kati kutoka Uholanzi hadi karibu na Gdańsk, mji wa bandari wa Poland, ilikuwa ukumbi mmoja mrefu uliowaweka watu, ng'ombe, farasi na mavuno chini ya paa moja. Ndani yake husimama safu mbili za nguzo, mara nyingi za mwaloni, na juu ya nguzo hizo hulazwa boriti nene zinazobeba dari ya nafaka pamoja na uzito wa paa. Kuta za nje zilibeba kidogo sana. Zilikuwa fremu za mbao zilizozibwa kwa fito na udongo, na baadaye kwa matofali. Aliyekulia katika nyumba ya kukandikwa hahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu anajua kwamba udongo kazi yake ni kuziba na mti ndio unaobeba.

Lango kubwa liko kwenye ukuta wa mwisho wa nyumba, ule wenye pembetatu ya paa juu yake, na lilitengenezwa pana na refu kiasi cha kupitisha mkokoteni uliosheheni mavuno. Ukiingia unakanyaga sakafu ya udongo ulioshindiliwa, ambako nafaka zilipurwa wakati wa baridi, huku mifugo ikiwa imefungwa kulia na kushoto, vichwa vikielekea ukumbini. Mwisho wa ukumbi palikuwa na moto uliowashwa chini, bila bomba la moshi. Moshi ulipanda taratibu, ukakausha nafaka darini na mapaja ya nguruwe yaliyotundikwa, ukawafukuza wadudu kwenye mbao na matete, kisha ukatokea kwenye tundu lililoachwa karibu na kilele cha paa. Bibi zetu walilijua jambo hilohilo, kwani makuti ya jikoni, pale juu ya mafiga, hudumu kuliko ya vyumbani. Macho na mapafu ya waliokaa humo ni habari nyingine.

Jambo lililonigusa zaidi ni boriti iliyo juu ya lango. Huchongwa majina ya mume na mke waliojenga, mwaka, na mara nyingi sala fupi. Kwetu maandishi ya namna hiyo, aya za Kurani na mwaka wa Hijria, utayakuta kwenye milango ya nakshi ya nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu, yaani kwa wenye mali. Mkulima wa makuti hakuacha jina lake popote, nami naona kwamba dharau yetu kwa nyumba yake ilianzia hapo, zamani kabla ya bati kufika.

Kuhusu paa, tusidanganyane. Tete ni bua gumu, ilhali kuti ni jani. Matita ya matete hupangwa kuanzia ukingo wa chini kwenda juu, yakafungwa kwenye fito na kugongwa kwa ubao wenye meno mpaka ncha zilingane, hadi unene wa sentimita 30 au zaidi, kwenye mwinamo usiopungua nyuzi 45 ili maji yateremke kabla ya kupenya. Paa hilo likitunzwa hudumu miaka 30 hadi 50. Kuti la viungo, lililokunjwa jani kwa jani juu ya kijiti na kushonwa, hudumu miaka michache tu, na kila linapochakaa mwenye nyumba anaingia tena mfukoni.

Ndiyo maana namwelewa Mwalimu Nyerere bila kukubaliana naye moja kwa moja. Mwaka 1977, akiitathmini miaka 10 ya Azimio la Arusha, aliulaumu uraibu wa saruji na bati akauona kuwa ni ugonjwa wa fikra. Ugonjwa upo, lakini mama anayehofia moto kila jioni na anayetaka kukinga maji ya mvua hana ugonjwa wowote. Hata huku, katika karne ya 19, wakulima walijenga mabomba ya moshi, wakatenganisha mazizi na vyumba, wakaweka vigae kwa kuogopa moto. Leo mwenye paa la matete hulipa bima ghali, hutakiwa kujenga mbali zaidi na mpaka wa kiwanja chake, na aghalabu matete yenyewe hutoka nje ya nchi. Ni paa la mwenye nacho. Kwetu makuti yamebaki kwa watu wawili wasiofanana: asiyemudu bati, na mwenye hoteli ya ufukweni.

Walichotuzidi ni kumbukumbu na mafunzo. Makumbusho ya Cloppenburg, mji wa hapa Niedersachsen, yaliyoanzishwa mwaka 1934, yalihamishia uwanjani kwake nyumba za kale nzima nzima, na moja ya nyumba zake kubwa, ya mwaka 1805, ilipoteketea vitani mwaka 1945 ilijengwa upya. Ufundi wa kuezeka kwa matete uliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya kitaifa ya urithi usioshikika, yaani ufundi, mila na desturi, na kijana anaweza kuusomea hadi kupata cheti. Sisi tuna Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam, nacho ni jambo jema, ila fundi wa makuti bado anafundishwa na mjomba wake, na akiona kazi haina heshima anahamia kwenye bodaboda.

Mimi nikijaliwa kujenga Tanga nitaweka bati, lenye dari na upenu mpana, na sitaacha baraza mbele, ukumbi katikati wala ua nyuma. Banda la uani nitamwita fundi aliezeke kwa makuti, nimlipe vizuri, kwa sharti kwamba aje na kijana wa kumfundisha.