Mwacheni Nyangumi Anyonyeshe

Kilichonikera Agosti hii, katika matembezi ya mashua nje ya miamba ya Watamu, ni namna tulivyowapokea wageni wakubwa kuliko wote wanaofika pwani yetu. Nyangumi jike aliibuka akiwa na mtoto aliyejibana ubavuni mwake, na kabla hatujamaliza kustaajabu, boti za injini ziliwaelekea kwa kasi kutoka pande mbili, moja ikakatiza mbele yao huku abiria wakishangilia, simu mikononi. Nyangumi wakazama. Walipoibuka mbali kidogo, wakafuatwa tena, na nahodha wetu, kwa kushurutishwa na abiria wake, naye akafuata.

Nyangumi hawa wenye nundu hawaji kwetu kutafuta chakula. Kila mwaka, kusi linapovuma, hutoka katika maji baridi ya Antaktika, ambako hushiba uduvi, wakasafiri maelfu ya kilomita hadi pwani za Msumbiji, Tanzania na Kenya ili kupandana, kuzaa na kulea. Jike anayenyonyesha hukaa miezi mingi karibu bila kula kitu; masurufu yake yote ameyabeba mwilini, na kila kilo anayoongeza mtoto, ambaye huzaliwa akiwa na urefu wa zaidi ya mita 4, hutoka katika mafuta ya mama kwa njia ya maziwa. Boti inapomkimbiza, mafuta hayo huteketea, wala hayarudishiki hadi afike tena kusini. Mtoto naye hukatizwa kunyonya, na kwa kuwa hawezi kuzuia pumzi kwa muda mrefu kama mama yake, kila anapozamishwa kwa hofu huchoka upesi. Boti moja kwa dakika tano huenda isimdhuru, lakini boti haziwi moja, na siku za kusi ni nyingi. Ninaposikia kwamba mnyama wa tani 30 hawezi kuumizwa na kiboti cha watalii, hunisikitisha sana, kwa sababu anayesema hivyo hufikiria kugongwa tu na kusahau njaa.

Injini hufunika pia nyimbo ambazo madume huimba msimu huu.

Tukumbuke kwamba wanyama hawa walinusurika kwa shida. Katika karne ya 20, wavuvi wa nyangumi waliua zaidi ya 200,000 wa aina hii katika nusu ya kusini ya dunia, na uwindaji ulipigwa marufuku huko mwaka 1963 walipokuwa wamebaki wachache mno. Bahari ya Hindi yenyewe ilitangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi mwaka 1979, lakini tangazo hilo lilihusu chusa za wawindaji na halikugusa mwendo wa boti zetu.

Sikatai kwamba manahodha wana watoto wa kulisha, na kwamba bahari ya kusi huwapunguzia wavuvi samaki na watalii kwa pamoja. Nakubali hata kwamba bila matembezi haya wengi wetu tusingejali nyangumi wapo au hawapo. Riziki hiyo, hata hivyo, haihitaji mbio. Nchi nyingi hukataza boti kuwakaribia chini ya mita 100, na utaratibu wenyewe ni mwepesi: kupunguza mwendo mapema, kwenda sambamba nao ubavuni, kutowakatizia mbele, kutoingia kati ya mama na mtoto, na kupokezana badala ya kuwazingira. Nyangumi aliyeachwa kwa utulivu wakati mwingine husogea mwenyewe kukitazama chombo. Leseni ya kubeba watalii msimu huu ifungwe na masharti hayo, na atakayeyavunja anyang'anywe.

Abiria nao wasisubiri sheria. Kabla ya kulipa nauli, mwulizeni nahodha atasimama umbali gani akimwona jike mwenye mtoto, na akiwaahidi kuwafikisha hadi mmguse, tafuteni chombo kingine.