Noti ya juu ya baritoni haitaki meno

Ukipiga saksafoni kwenye bendi za harusi hapa Mombasa, lazima umewahi kusikia amri hii: "Kaza mdomo!" Noti ya juu imegoma, imetoa mluzi au imedondoka oktava nzima (ngazi nane za noti), na kiongozi wa bendi anakugeukia mbele za watu akikutaka ukaze. Mimi naipinga amri hiyo, na kwa baritoni, ile saksafoni kubwa ya sauti nzito, naipinga mara mbili.

Itazameni noti yenyewe. Baritoni ni ala ya E flati, na husikika oktava moja na nusu na ushei chini ya kilichoandikwa. Ile F ya juu, ambayo kwenye karatasi imepita mistari mitatu ya nyongeza, sauti yake halisi ni A flati iliyo juu ya C ya katikati ya piano. Mama anayeongoza chakacha huifikia akiwa amekaa kitako. Lakini macho yameona juu, basi koo linafunga na taya linabana, kana kwamba tunapanda mnazi.

Nilipotoka alto, saksafoni ndogo zaidi, nikaenda baritoni, A ya oktava ya pili ilinigomea miezi mitatu. Nilibana mpaka mdomo wa chini ukafanya kidonda kwa ndani. Nikanunua ridi (kile kipande cha mwanzi kinachotetemeka mdomoni) ngumu zaidi, nikazidi kuumia. Mwisho nilimpelekea ala fundi mmoja mzee, Majengo, naye hata hakuitazama kwanza.

"Mwanangu, G ya juu yatoka?"

"Yatoka, mzee."

"Na A?"

"Yagoma."

"Basi si mdomo. Lete shingo."

Alipitisha sindano nyembamba kwenye kitundu cha oktava, kinachosaidia noti kuruka juu, kilicho shingoni, yaani kwenye bomba fupi lililopinda linalobeba kipande cha mdomoni, na kikatoka kidonge cheusi cha mate yaliyogandamana na vumbi. Kisha akanieleza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia: kidole gumba kinabonyeza kitufe kimoja, lakini matundu ni mawili na hufunguka kwa zamu. La mwilini huhudumia D mpaka G shapu. La shingoni hushika kuanzia A kwenda juu. Lile la shingoni likiziba, G itakuwa safi na A itakufa, hata ubane mpaka meno yang'oke. Nawaomba viongozi wa bendi waanze na swali la yule mzee kabla ya kumkaripia kijana.

Shingo ina balaa jingine. Wengi wetu tunapoichomeka tunaikamata kwa ile pete ya kitufe cha oktava, nayo hupinda. Shika G, bonyeza na uachie kidole gumba mara kadhaa: kifuniko cha shingoni hakitakiwi kutikisika. Hamia A: sasa kifunguke, na kile cha mwilini kifunge. Kisipofanya hivyo, mpelekee fundi, usiikunje mwenyewe kwa koleo.

Halafu kuna mji wetu wenyewe. Hewa ya hapa ina unyevu na chumvi. Springi hushika kutu, pedi za ngozi zinazoziba matundu huvimba kisha zikakauka na kuwa ngumu. Baritoni inaumia zaidi kwa sababu bomba lake la juu limejikunja, na maji ya pumzi hutuama humo humo, karibu na vitufe vya kiganja vya mkono wa kushoto. Pedi ndogo ikivuja huko juu, kila noti iliyo chini yake huyumba. Chukua kipande cha karatasi ya kuviringia sigara, kiweke chini ya pedi, funga taratibu, uvute. Kikiteleza bila kushikwa, hewa inapita hapo. Na umwage maji kila baada ya nyimbo mbili tatu. Ukishasikia yanagugumia, umechelewa.

Ala ikishakuwa nzima, ndipo tuzungumze juu ya mpigaji. Puliza kipande cha mdomoni peke yake, bila shingo. Walimu wengi hupendekeza baritoni itoe D ya piano. Ikipanda juu ya hapo, unauma. Ridi laini mno nayo hufunga ukiibana, noti ikazimika katikati. Mimi nimetulia kwenye ridi ya ugumu wa namba 3.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote halina vidole. Nashika B flati ya chini kabisa, vitufe vyote vimefungwa, kisha bila kusogeza kidole naitafuta B flati ya oktava inayofuata, halafu F iliyo juu yake, halafu B flati nyingine. Kinachosogea ni ulimi na koo, kama unayehama kutoka "o" kwenda "i". Wiki ya kwanza nilipata mngurumo tu. Sasa, alfajiri madirisha yakiwa wazi, ile F hunijia laini, na mdomo wa chini hauna kidonda tena.