Kabla hujauza RAV4 ununue Jeep

Ukiingia kambi ya motahomu karibu na Grand Canyon mwezi wa Julai, utadhani kuna sheria imepitishwa. Nyuma ya nyumba hizo za magurudumu utaona Jeep Wrangler moja baada ya nyingine, zimefungwa kwa mikono miwili ya chuma, magurudumu yote manne yakiwa chini. Matela yanahesabika. Mgeni akiuliza afanyeje na gari lake dogo, jibu linamngoja: livute kwa magurudumu yake, achana na tela la kulibebea.

Shemeji yangu anayeishi Dallas alipewa jibu hilo mara tatu kabla hajamaliza kulipia motahomu yake kuukuu. Akanipigia simu, anataka kuuza Toyota RAV4 ya familia anunue Jeep. Nilimwomba asubiri wiki moja tupige hesabu.

Wanaovuta kwa magurudumu manne wana sababu nzuri. Wakifika kambini wanachomoa pini mbili, wanakunja ile mikono nyuma ya motahomu, na ndani ya dakika tano wako njiani kwenda kununua mkate. Hawana tela la kutafutia pa kuliweka, na kambi nyingi hazina nafasi hiyo. Hawalali chini kwenye matope kufunga mikanda. Kwa wazee waliostaafu, wanaohama kambi kila baada ya siku tatu mwaka mzima, sina la kuwaambia. Wamechagua vizuri.

Lakini ushauri huo ulitungwa kwa ajili yao, na wengi wetu hatuishi hivyo. Tunasafiri shule zikifungwa, mara mbili au tatu kwa mwaka, na gari tulilonalo nyumbani ni Toyota: RAV4, Highlander, Camry. Kitabu cha RAV4 kinasema waziwazi kwamba gari hilo halikuundwa kuvutwa nyuma ya motahomu magurudumu manne yakiwa chini. Watu hulichukulia onyo hilo kama woga wa mawakili wa kiwanda, na hapo ndipo giaboksi zinapokufa.

Kwenye giaboksi nyingi za otomatiki, pampu ya oili huzungushwa na injini. Ukizima injini, pampu inalala. Gari likivutwa, magurudumu yanazungusha ekseli, ekseli zinazungusha vyuma vilivyo ndani ya giaboksi, na hakuna tone jipya la oili linalofika pale. Kuweka nyutro hakusaidii, kwa sababu upande wa magurudumu bado unazunguka. Maili 10 pengine zisikuonyeshe kitu. Maili 600 kwenye joto la New Mexico ni habari nyingine, na hakuna taa itakayokuwakia kwenye dashibodi ya motahomu kukuonya. Utajua siku utakapoweka D na gari likatae kusogea.

Jeep inaokoka kwa sababu transfakesi yake, kisanduku kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, ina nyutro ya kweli, inayoitenga giaboksi kabisa na magurudumu. Honda CR-V nazo ziliruhusiwa kwa miaka mingi, tena kwa utaratibu wake: unawasha injini, unapitisha gia, unarudisha nyutro, unaiacha injini iungurume dakika 3 ndipo uzime. Ulipofika mfano wa 2015 na giaboksi ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, ruhusa ikaondolewa. Kwa hiyo anayekuambia "mimi navuta CR-V, hata wewe vuta" huenda ana ya 2012, na wewe una ya 2018.

Gharama nayo husemwa nusu. Mikono ya chuma ni mwanzo tu. Kuna bamba linalofungwa kwenye chesisi ya gari dogo, nyaya za taa, na breki ya ziada, maana majimbo mengi yanadai gari linalovutwa likizidi uzito wa paundi 3,000 liwe na breki zake. Pamoja na ufundi, hesabu hufika kwa urahisi dola 3,000 hadi 5,000. Sehemu kubwa ya pesa hiyo imeshonwa kwenye gari hilohilo: ukiliuza, bamba linaondoka nalo. Tela halijali. Leo linabeba RAV4, mwakani Corolla ya binti yako, na hata gari la umeme ambalo huthubutu kuliburuza kwa magurudumu yake.

Kuna pia suala la rivasi, ambalo sikulijua uzito wake mpaka nilipoliona. Kwenye kituo cha mafuta nje ya Amarillo, mzee mmoja aliingia kwenye pampu isiyo na njia ya kutokea mbele. Akarudi nyuma kama futi sita hivi. Magurudumu ya mbele ya Jeep yake yakageuka kama ya toroli la supamaketi, yakajipinda hadi mwisho, gari likawa linasukumwa ubavu. Pini zilikuwa zimekazwa na mvutano, hazichomoki. Yeye na mkewe walizigonga kwa nyundo katika upepo mkali kwa zaidi ya nusu saa, magari yakipiga honi nyuma yao. Ukiwa na tela unarudi pole pole, unakosea, unarudia, lakini unatoka.

Tela linashindwa kwenye uzito, na hapa namtaka msomaji awe makini kuliko pengine popote. Tela la kukodi la kampuni ya U-Haul la kubebea gari lina paundi 2,210 likiwa tupu. RAV4 ina takriban 3,500. Jumla 5,710. Motahomu nyingi kubwa za petroli zilizojengwa juu ya chesisi ya Ford F-53 zina ndoano ya kuvutia yenye kikomo cha paundi 5,000. Zimeshapitwa. Tena hiyo 5,000 yenyewe inaweza kukudanganya: chesisi ya aina hiyo yenye kikomo cha paundi 22,000 peke yake, na 26,000 pamoja na inachovuta, inakuachia 4,000 tu ukiwa umejaza kila kabati. Mwenye motahomu ya namna hiyo atafute tela jepesi la alumini na gari dogo, la sivyo aende na wale wa Jeep. Sitamshawishi vinginevyo.

Na mwendo unapungua. U-Haul wanataka usizidi maili 55 kwa saa. Safari ya maili 1,000 itakula karibu saa 3 zaidi kuliko ungekwenda kwa 65. Kwa familia yenye watoto hilo linamaanisha kulala njiani, na lipangwe mapema.

Motahomu ya shemeji ni ndogo kidogo, imekaa juu ya chesisi ya Ford E-450: kikomo 14,500 peke yake, 22,000 pamoja na mzigo wa nyuma. Nilimwambia asiamini karatasi. Akajaza tanki la maji, akajaza mafuta, akapakia mkewe, watoto watatu, majiko na mchele, akapanda mizani ya CAT kwenye kituo cha malori. Ilisoma 13,640. Ongeza 5,710, unapata 19,350. Tukaangalia na ekseli ya nyuma peke yake, kwa kuwa asilimia 10 au zaidi ya uzito wa tela hukaa juu ya ndoano. Ilibeba, ingawa ilibidi jenereta ya akiba na masanduku mawili ya soda yashushwe.

RAV4 haikuuzwa. Mwezi wa Juni walikodi tela, wakaipandisha gari polepole juu ya rampa, mikanda miwili ikapita juu ya magurudumu ya mbele. Kupakia kulichukua dakika 25, na shemeji alilalamika kila dakika. Maili 10 baadaye walisimama kukagua, maana mikanda hulegea matairi yakishatulia. Binti mkubwa ndiye aliyeshuka na tochi. Alikaza mkanda wa kushoto kwa meno mawili ya kikazio chake, wa kulia kwa moja, akapiga kofi tairi, akarudi kukaa.