Filta ya kuosha au ya kutupa? Mzozo ulioingia Mtwara ndani ya katoni

Novemba iliyopita shemeji yangu, aliyemuoa dada yetu na kuhamia naye Columbus, Ohio, alimpa msafiri mzigo wa kutuletea Mtwara. Ndani mlikuwa na viatu vya watoto, dawa ya meno ambayo sijui kwa nini isafirishwe mbali hivyo, na katoni ya filta sita za kiyoyozi. Filta zenyewe ni za karatasi ngumu iliyokunjwa kama marinda ya sketi ya shule, zimezungushiwa fremu ya boksi, inchi 16 kwa 20, unene inchi 1. Unatumia miezi mitatu, unatupa. Dada alikuwa amesikia kwamba mwanetu wa pili ana pumu, na kwamba chumba chake kina vumbi hata kiyoyozi kikiwa kimewashwa.

Hapa Magomeni ya Mtwara sijaona kiyoyozi ambacho filta hizo zingeingia. Nilipompigia simu kumweleza, shemeji akanijibu bila kusita: "Hizo zenu za kuosha ni neti ya mbu tu, shemeji. Mnapumua vumbi." Fundi wangu naye, nilipomwonyesha katoni, alicheka. "Kitu kinaoshwa, ununue cha kutupa cha nini?" Nimelizungusha jambo hili kichwani karibu mwaka mzima. Naona kila mmoja anaisifia filta ya mashine aliyoizoea, na hizi mashine mbili hazifanani.

Nyumba ya shemeji ina mtambo mmoja chini ya ngazi. Januari theluji ikianguka mtambo huo huwasha gesi na kupasha nyumba joto, na Julai feni yake ileile husukuma hewa ya baridi. Hewa ya nyumba nzima hupita kwenye njia za bati zilizofichwa ukutani na darini, na yote hulazimika kupita mahali pamoja. Hapo ndipo filta inapochomekwa. Feni ni kubwa, nafasi ipo, na saizi za filta zinajulikana, ukienda dukani unataja namba tu. Wamarekani wamezipangia hata madaraja, wanayaita MERV. Filta ya daraja la 8 hunasa angalau asilimia 70 ya chembe zenye ukubwa wa maikromita 3 hadi 10. Ya 13, kama zile za kwenye katoni yetu, hunasa angalau nusu ya chembe ndogo kabisa za maikromita 0.3 hadi 1. Unywele wa mtu una unene wa maikromita 70 hivi, kwa hiyo hapa tunazungumzia vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Kule pia wanazo za kuosha, za waya wa aluminiamu au nyuzi za plastiki, na watengenezaji hudai hudumu miaka mingi. Nyingi huwa katika madaraja ya chini, kwa hiyo kwa nyumba yake shemeji ana haki ya kuzidharau.

Sasa njoo Mtwara. Kiyoyozi chetu, kama vingi mjini hapa kuanzia Shangani hadi Mikindani, ni kile cha vipande viwili: kimoja ukutani chumbani, kingine nje kinapuliza joto. Kile cha ndani hakivuti hewa ya nje hata kidogo. Kinazungusha hewa ileile ya chumbani, kinaipitisha kwenye koili, yaani mabomba ya baridi yanayoipoza, na kuirudisha. Feni yake ni pipa jembamba la plastiki lenye mapezi madogo madogo, na nguvu yake ni ndogo. Mbele ya koili umewekwa wavu wa nailoni ambao matundu yake unayaona bila miwani. Kazi ya wavu huo ni kuzuia nyuzi za nguo, nywele na vumbi nene visigande kwenye koili. Umewekwa pale kwa ajili ya mashine. Mapafu ya mtoto hayakuwa kwenye hesabu, na hapo shemeji kasema kweli: chembe chini ya maikromita 2.5, zile ambazo madaktari huziogopa kwa sababu hufika ndani kabisa ya mapafu, hupita kwenye wavu kama dagaa kwenye jarife.

Basi tuukate ule mkunjo wa karatasi, tuubandike juu ya wavu? Jirani yangu mmoja alijaribu kitu cha namna hiyo kwa kitambaa cheupe. Wiki ya kwanza alifurahi, kitambaa kilikuwa cheusi na yeye akawa anawaonyesha wageni. Wiki ya tatu chumba hakipoi. Wiki ya nne koili ikaota barafu, na usiku barafu ikayeyuka juu ya kitanda. Feni dogo lile halina pumzi ya kuvuta hewa kupitia kitu kizito. Hewa ikipungua, koili inapoa kupita kiasi, unyevu wa Mtwara unaigandia, na kompresa inaendelea kula LUKU bila kazi.

Hapa niseme jambo la kuwaudhi mafundi kidogo. Wavu uliojaa uchafu huleta dalili zilezile za kitambaa cha jirani, na dalili hizo zinafanana sana na za kiyoyozi kilichopungukiwa gesi ya kupozea. Nimewahi kulipia gesi mara mbili katika msimu mmoja wa joto. Mara ya tatu fundi mwingine, kijana mpole, alifungua kifuniko, akachomoa wavu, akaugonga kwenye kibaraza. Lilidondoka blanketi zima la vumbi. Aliuosha, akaurudisha, akadai nauli tu. Idara ya Nishati ya Marekani imewahi kuwaambia raia wake kwamba kubadili filta chafu kwa safi huweza kupunguza umeme wa kiyoyozi kwa asilimia 5 hadi 15. Sijapima kwangu, lakini tangu siku ile naosha wavu kila baada ya wiki mbili na sijaongeza gesi tena.

Kwa upande wa pesa mjadala ni mfupi. Filta ya kutupa ikibadilishwa kila miezi mitatu ni nne kwa mwaka, arobaini kwa miaka kumi. Ya wavu huja na mashine na huzeeka nayo. Na hizo arobaini zitoke wapi? Zaidi ya kilomita 500 za barabara ziko kati yetu na Dar es Salaam, na Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara hiyo upande wa Kilwa, tulikumbushwa jinsi tunavyoishi mwisho wa mnyororo. Kitu cha afya unachotegemea kukinunua kila robo mwaka ni bora kiwe kinapatikana dukani mtaani.

Lakini watetezi wa kuosha nao wana jambo hawalisemi: maji. Kuna nyumba zinazotegemea kisima karibu na bahari, na maji yake yana chumvi. Ukiosha wavu kwa maji hayo, ukikauka unabaki na unga mweupe kwenye nailoni, na unga huo ndio utakaopulizwa. Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, maji hupandishwa kwa pampu kutoka Mitema bondeni, na hakuna atakayefurahi kumwona mtu anaosha filta siku ambayo bomba limekauka. Tena kuna unyevu. Wavu ukirudishwa haujakauka vizuri, ndani ya siku chache unasikia harufu ya soksi za mchezaji. Hiyo ni ukungu, na kwa mwenye pumu ukungu ni mbaya. Filta ya kutupa haina tatizo hili kwa kuwa haioshwi kabisa.

Suala la maji mke wangu alilimaliza bila mjadala. Bomba la kiyoyozi linalodondoshea nje tulilitegea ndoo tupu ya mchele. Miezi ya Desemba na Januari, usiku mmoja inakaribia kujaa lita kumi. Ni unyevu wa hewa uliogeuka maji, hauna chumvi wala chokaa, haufai kunywa lakini kwa kuoshea wavu sijaona bora yake. Sabuni kidogo ya unga, brashi laini, kisha kivulini mpaka ukauke kabisa, kwa sababu jua letu hukunja plastiki. Anayeosha asiwe yule mwenye pumu.

Taka pia zinastahili neno, ingawa si refu. Huku kwetu filta ya kutupa mwisho wake ni shimo la taka uani, na shimo likijaa huwashwa moto. Umekusanya vumbi miezi mitatu, unaongeza moshi wa nyuzi za plastiki, halafu unavirudisha vyote hewani kwa mpigo.

Kama ingekuwa ni kiyoyozi peke yake ningesimama na fundi na kuishia hapa. Kinachonizuia ni salfa. Kati ya Juni na Septemba, mikorosho ikichanua, wakulima hupuliza unga wa salfa kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani. Ukikaa pembezoni mwa mji, au una ndugu Tandahimba au Nachingwea, unaijua ile harufu na ule muwasho wa macho. Wakati huohuo ni kiangazi, barabara za udongo mwekundu zinatimka, na kila mwenye shamba anachoma majani. Madirisha utafunga, lakini mlango utafunguliwa mara hamsini kwa siku. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa kifua wavu hautoshi miezi hiyo, na shemeji kule Ohio alikuwa ameliona tatizo sahihi ingawa hakuijua mashine yetu.

Kwa hiyo wavu wangu unabaki wa kuosha, na karatasi za shemeji zilipata kazi pengine. Mwaka 2020, wakati wa Uviko, Wamarekani wawili, Richard Corsi na Jim Rosenthal, walieneza wazo la kutengeneza boksi ambalo kuta zake ni filta za namna hii, na juu yake feni ya mraba inayovuta hewa kupitia kuta hizo na kuipuliza juu. Nikachukua filta nne, nikazisimamisha mishale yake ikielekea ndani, nikazifunga kwa tepu pana, chini nikaweka kipande cha katoni ileile iliyozileta, juu nikalaza feni na kuziba pembe zilizobaki wazi. Halina uzuri wowote. Watoto wanaliita jeneza la paka. Tuliliwasha chumbani kwa mgonjwa tangu Juni, kiyoyozi kikipoza na boksi likichuja, kila kimoja na kazi yake.

Wiki iliyopita nimelifungua. Marinda yaliyokuwa meupe yana rangi ya chai ya maziwa, na upande unaotazama mlango umeingia umanjano. Mtoto amelala vizuri zaidi msimu huu, japo pia tulibadilisha dawa yake, kwa hiyo siwezi kuligawia boksi sifa zote. Filta nne zimekwisha, kwenye katoni zimebaki mbili, na mbili hazitoshi kuta nne. Dada anauliza kama atume nyingine. Sijamjibu, kwa sababu zile chafu bado zimeegemea ukuta wa uani ndani ya mfuko, na sijapata pa kuzipeleka zaidi ya shimoni.