Kidole changu kimeandikwa, mdogo wangu hakuandikwa

Juzi nimejikata na kisu cha kufungulia maboksi hapa ghalani kwetu Leicester, Uingereza. Jeraha dogo, plasta moja, nikarudi kupanga mzigo. Msimamizi akanifuata mbio: simama, tuandike. Ilikuwa saa ngapi, ulisimama wapi, glavu ulivaa, kisu kina kifuniko au hakina, nani alikuona. Niliudhika kweli, maana zamu ilikuwa inaisha na basi langu halingoji mtu. Halafu nilipofika pa kuweka sahihi, mkono ukaishiwa nguvu. Nilimkumbuka mdogo wangu.

Mtoto wa mama mdogo, alikuwa saidia fundi. Alidondoka kutoka ghorofa ya pili, jengo liko Moshi mjini na leo lina wapangaji. Mirunda ilifungwa kwa kamba zilizooza kwa mvua. Aliishi siku mbili. Msibani Kibosho, katibu alikaa mgombani na kaunta buku lake: fulani elfu kumi, fulani elfu tano, jirani debe la mahindi, mwenye jengo laki mbili na jeneza. Kila shilingi iliandikwa, ikasomwa mbele ya watu, hesabu ikakaa sawa. Kilichomuua hakikuandikwa popote. Tulisema bahati mbaya, tukazika.

Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba sisi hatuna utamaduni wa kuandika. Vikoba vya mama zetu vina madaftari safi kuliko ofisi nyingi. Pale geti la Machame la kupandia Kilimanjaro, mzigo wa mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, unawekwa kwenye mizani, kilo 20, ukizidi unapunguzwa. Tunajua kupima na tunajua kuhesabu.

Nayasikia maneno yenu tayari: dada amekaa Ulaya miaka sita, sasa anatufundisha. Mangi, sikufundishi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo Tanzania tangu 2003, ya fidia kwa wafanyakazi tangu 2008, na mfuko wenyewe ulianza 2015. Ni vitu vyetu na ninajivunia. Ila fidia inaanzia kwenye taarifa. Kibarua wa kutwa, hana mkataba, ameanguka na hakuna aliyeandika: mama yake aende kudai kwa karatasi gani?

Wala msidhani huku ni malaika. Waajiri wanaficha ajali huku pia, ndiyo maana serikali haiegemei ripoti zao peke yake, inawauliza wafanyakazi wenyewe kwenye utafiti wa kaya. Baada ya hapo inatangaza. Mwaka ulioishia Machi 2025, Uingereza, Scotland na Wales walikufa 124 kwa ajali kazini, na zaidi ya robo yao walianguka kutoka juu. Mwaka 1974, sheria yao kubwa ya usalama kazini ilipopitishwa, walikufa waajiriwa 651. Sisemi ni daftari tu lililowaokoa, migodi na viwanda vingi vilifungwa. Lakini ukishajua watu wanakufa kwa kuanguka, unajua mkaguzi aanzie kwenye ngazi na mapaa. Sisi mkaguzi wetu aanzie wapi, Njiro ya Arusha au Pasua ya Moshi, wakati aliyeanguka jana ameshazikwa kama mgonjwa wa kawaida?

Na hapo nimesema ajali tu. Shirika la Kazi Duniani linakadiria watu karibu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu ya kazi, na wengi wao huuawa na magonjwa. Fundi rangi wa magari pale Unga Limited anakohoa miaka, hana barakoa, sisi tunasema baridi ya Arusha imemwingia. Hiyo inaniuma zaidi kwa sababu yeye hata kumwona hatumwoni.

Mwingine ataniambia watu wana njaa, wewe unaleta habari za madaftari. Ndugu yangu, kaunta buku linauzwa duka la karibu yako. Mdogo wangu alipanda ile mirunda kwa ajili ya hiyohiyo njaa.

Nimeongea na shemeji, ana vijana tisa kwenye saiti mtaa wa Soweto huko nyumbani. Alibisha wiki nzima, akasema nitamletea serikali mlangoni. Jana kanitumia picha. Kaunta buku jipya, mistari imepigwa kwa rula: tarehe, jina, alikuwa anafanya nini, kilichotokea. Mstari wa kwanza ameandika jina la mdogo wetu, na mbele yake, kwa mwandiko wake mkubwa: kamba.