Pua za Pontiac ya Shemeji

Shemeji yangu anakaa Royal Oak, Michigan, kando tu ya barabara ya Woodward, na mtu akikaa pale ni sawa na aliyepanga chumba jirani na ukumbi wa taarabu: apende asipende, siku moja atajikuta anaimba. Tangu 1995, Jumamosi ya tatu ya Agosti, magari ya zamani humwagika barabara ile kutoka Ferndale mpaka mji wa Pontiac, na hata jioni za kawaida za kiangazi huwezi kumaliza sala bila V8 kupita dirishani ikinguruma. Shemeji alivumilia, alivumilia, mwisho akanunua lake: Pontiac GTO ya 1968, ya kijani, injini ya lita 6.6, nguvu za farasi 350. Akamwambia dada kuwa ni mali ya familia. Dada akajibu kwamba familia anayoijua yeye inadaiwa na daktari wa meno.

Boneti ya gari hilo ina matundu mawili yaliyotuna, moja kulia, moja kushoto, nasi tuliyaita pua. Kwetu Tanga kila kijana analijua tundu la boneti la Subaru Forester ya turbo; lile lina kazi, linashusha upepo kwenye intakula, kile kifaa kinachopoza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Shemeji akaamini na la kwake ni hivyo hivyo. Kila tukiegesha mahali alikuwa anawahutubia watu jinsi Pontiac inavyovuta hewa. Mpaka jioni moja mzee wa Kimarekani mwenye kofia aliinama, akatia vidole viwili kwenye pua ya kulia. Vikagota penye kucha. Akajaribu ya kushoto. Vikagota palepale. Akampigapiga shemeji begani bila kusema neno, akaenda zake kutazama Chevelle.

Zilikuwa zimezibwa, tena kutoka kiwandani. GTO ya kawaida ya mwaka ule ilitoka na pua za pambo. Aliyetaka za kweli aliagiza Ram Air, mfumo wa kuvuta hewa ya nje, na vifaa vya kuzizibua vilikuja ndani ya buti, afunge muuzaji. Shemeji hakuongea njia nzima. Usiku, chai imepoa mbele yake, ndipo akafunguka.

"Shemeji, miaka yote hii gari linavuta joto la injini yake lenyewe. Wewe ungevumilia?"

"Limevumilia tangu enzi za Mwalimu, shemeji. Kesho nayo ni siku."

Haikusaidia. Na kusema haki, hoja anayo. Hewa ikipoa kwa nyuzi 10 za Selsiasi, uzito wake unaongezeka kwa asilimia 3 hivi, na injini ikivuta hewa nzito inachoma petroli zaidi. Lakini yeye hakutaka habari za ubaridi. Alitaka upepo uingie kwa kishindo, gari lisukumwe mbinguni. Nikampigia hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya umeme: ukienda kilomita 100 kwa saa, upepo unaogonga ile pua unaongeza msukumo usiofika hata nusu ya asilimia moja ya hewa iliyopo tayari. Akaitazama bahasha, akaigeuza, akasoma bili, akaghadhibika na bili.

Vifaa vikafika kwa posta: vifuniko vilivyo wazi vya kuweka mahali pa vile vya kiwandani, na karai la bati linalozunguka chujio la hewa juu ya kabureta, pale hewa inapochanganyika na petroli. Kati ya karai na boneti inatakiwa kuwe na mkanda wa sponji, ili boneti ikifungwa ibane, kabureta isivute popote isipokuwa puani. Mkanda huo unauzwa peke yake. Shemeji alipoona bei alisonya kwa muda mrefu. "Sponji! Sponji tu!" Mimi nilikuwa mshika tochi, na kwenye gereji ya shemeji mshika tochi ndiye anayelaumiwa kila nati inapodondoka, kwa hiyo sikutia neno.

Asubuhi yake mkanda ulikuwepo, mnene, umekatwa vizuri, umegandishwa kwa gundi. Sikuuliza umetoka wapi. Usiku nilipolala kwenye chumba cha wageni nikaona miguu yangu inatelemka. Nikawasha taa, nikafunua shuka. Upande wa miguuni godoro lilikuwa limenyolewa kuzunguka pembe. Kilichoniuma zaidi ni kwamba alikata pamoja na kitambaa. Kesho yake nilipofunua boneti, karai lote lilikuwa limezungukwa na maua ya bluu.

Ikabaki kupima kama pua zinavuta. Shemeji alikuwa amesikia kuwa wataalamu hutumia moshi. Moshi wa uhakika nyumbani kwao ni udi wa dada. Akatoka na chetezo kinafuka, makaa mekundu, akakiweka juu ya boneti ya gari lenye kabureta ya petroli. Dada alikiona kutoka dirisha la jikoni. Sijui alishukaje ngazi zile. Tulichoona ni mkono unachukua chetezo, na mlango unafungwa.

"Basi unga," akasema shemeji.

Sembe ya dada inatoka duka la vyakula vya Kiafrika, na hapo si karibu. Shemeji akachota bakuli, akaniweka kwenye usukani, yeye akasimama mbele ya boneti. Injini ikiwa imetulia, hakuna kitu. Unga ulikaa pale mlangoni mwa pua unamwangalia. "Kanyaga!" Nikakanyaga. Kabureta yake, aina ya Quadrajet, ina midomo minne: miwili midogo ya mbele kwa mwendo wa kawaida, na miwili mikubwa ya nyuma inayofunguka ukikanyaga kweli. Ilipofunguka ile ya nyuma ilitoka sauti ya mtu anayemaliza soda kwa mrija, na unga ukapotea wote. Shemeji akaruka. Akatupa kiganja kingine. Ukapotea. Jirani akatoka na kahawa yake kuangalia. Shemeji akamwonyesha na yeye. Kisha akaja mke wa jirani, ambaye hakuwa ameona.

Nikamwambia, "Shemeji, huo unga umeenda wapi?"

"Umeingia, si umeona?"

"Umeingia, halafu?"

"Halafu kuna chujio. Chujio kazi yake nini?"

Kwa hapo alikuwa sahihi. Chujio lile ni la karatasi yenye mikunjo, na unga mkavu ulikaa kwenye mikunjo bila kumsumbua mtu. Tuliondoka jioni ile gari linavuta kuliko siku zote, au tuliamini hivyo, ambayo kwa mwenye gari la zamani ni jambo lile lile. Kwenye maegesho yule mzee wa kofia alikuwepo. Akatia vidole. Vikaenda mpaka kwenye pete. Akafunua boneti mwenyewe, akaona maua ya bluu, akauliza kama huo ni mkanda halisi wa kiwandani.

Shemeji akasema, "Wa 1968. Kwa wateja maalumu." Mzee akavua kofia, akavaa tena.

Mvua ilitukuta tunarudi, karibu na makutano ya Woodward na barabara ya 13 Mile. Mvua za Michigan za kiangazi hazipigi hodi. Na pua zile zinatazama mbele, wazi kabisa. Mwaka 1969 Pontiac waliweka kishikio chini ya dashibodi, dereva akivuta zinajifunga. Kwenye Road Runner ya 1970 Plymouth waliweka kifuniko kinachoinuka dereva akiwasha swichi, kimechorwa meno ya papa. Sisi tulikuwa na ya 1968 na godoro.

Sponji ya kiwandani haikusudiwi kunywa maji. Ya kulalia inakunywa mpaka inanenepa. Yalipojaa humo yakateremkia kwenye karai, na kwenye karai kulikuwa na sembe. Injini ikaanza kukohoa. Moshi mweusi nyuma, harufu ya petroli ndani, kama gari zima limebanwa koo. Likakata pumzi mbele ya taa nyekundu, foleni ya watu nyuma yetu wakipiga honi, wengine wakipiga picha.

Tukalisukuma pembeni. Nikashika tochi. Shemeji akafungua nati ya masikio, akainua kifuniko cha chujio, akanyamaza. Mikunjo yote ilikuwa imejaa kitu cheupe kinachovutika. Chini kwenye karai, kwa sababu ya joto la injini, kilikuwa kimeanza kushikana. Akakigusa kwa kidole.

"Uji," akasema.

"Bado. Lakini unakwenda huko."

Dada ndiye aliyekuja kutuchukua, na mwavuli wake mmoja, wa mtu mmoja. Akamulika ndani na simu yake. Aliona sembe kwanza. Halafu akaona maua. Akanitazama mimi, mwenye chumba, na mimi nikaitazama tochi.

"Baba Nuru," akasema kwa upole uliotutisha sote, "leo maji yamezidi unga kweli."

Nikamsaidia shemeji kukamua godoro kando ya barabara, tukiwa tumeshika huku na huku, huku gari moja moja zikipunguza mwendo. Brekdauni ilipofika dereva wake akaangalia, akaangalia tena, akatoa fomu. Palikuwa na sehemu ya sababu ya kuharibika. Shemeji akamwambia aandike unyevu. Dada akasema hapana, aandike ukweli. Yule kijana akauliza kama ataje mahindi au ngano, maana kwake vyote ni unga. Dada akamwelekeza.

Fomu ipo mpaka leo kwenye mlango wa friji yao, imebanwa kwa sumaku. Penye sababu ya kuharibika pameandikwa unga wa mahindi, mweupe. Chini yake ipo sahihi ya shemeji, ndefu, imepambwa, ya mtu mwenye Pontiac.